Nani Alimfundisha Nani? Historia ya Mafunzo ya Afya ya Jamii kwa Vitendo Kibaha na Kisarawe

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi yanayohusu mafunzo ya watumishi wa afya nchini Tanzania, kijiji hutajwa mwisho. Hutangulia chuo, hufuata wizara, kisha mfadhili, na baada ya hao wote ndipo msomaji anapokutana na "eneo la mafunzo kwa vitendo", kana kwamba eneo hilo lilikuwa uwanja mtupu uliokaa ukiwasubiri wanafunzi. Insha hii inakusudia kuupindua mpangilio huo. Inazichunguza Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili za Mkoa wa Pwani zilizo jirani na Dar es Salaam, tangu miaka ya mwanzo ya uhuru hadi mwaka 2024. Swali lake kuu ni jepesi kulitamka ingawa si jepesi kulijibu: katika mafunzo hayo nani alikuwa mwalimu, nani alikuwa mwanafunzi, na baada ya mwanafunzi kuondoka kilibaki nini?

Kwa "mafunzo kwa vitendo" hazikusudiwi hapa zamu za wodini, ambazo ni sehemu ya kawaida ya masomo ya uganga na uuguzi popote duniani. Kinachokusudiwa ni ule wakati ambapo mwanafunzi, au mtumishi aliyekwishaajiriwa, anatolewa hospitalini na kupelekwa mahali watu wanapoishi: kwenye kaya, kwenye kisima, kwenye choo cha shimo, chini ya mwembe ambako watoto hupimwa uzito kwa mizani iliyoning'inizwa kwenye tawi.

Hoja inayotetewa ni kwamba Kibaha na Kisarawe, ingawa umbali wao kutoka Dar es Salaam haupishani sana, ziliwekwa katika nafasi mbili tofauti kabisa. Kibaha ilijengewa taasisi iliyobaki. Kisarawe, kwa sehemu kubwa, ilipata wageni. Tofauti hiyo, kwa maoni ya mwandishi, inaeleza mengi zaidi kuhusu ubora wa mafunzo kuliko mabadiliko yote ya mitaala ambayo watafiti wamezoea kuyafuatilia.

2.0 Ukaribu na Dar es Salaam

Mji wa Kibaha uko kwenye Barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 magharibi ya Dar es Salaam. Kisarawe iko kusini-magharibi, juu ya vilima vya Pugu, nayo si mbali zaidi. Wenyeji wake wanaojulikana sana ni Wazaramo, pamoja na Wakwere upande wa Kibaha. Ni nchi ya mihogo, mikorosho na miembe, na kwa muda mrefu imekuwa ikiupatia mji mkubwa kuni na mkaa. Wamisionari wa Kijerumani wa Berlin walifika Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890. Hivyo dawa ya mgeni, kama ilivyo shule ya mgeni, si jambo jipya huko.

Ukaribu huu umekuwa na faida na gharama. Mhadhiri anaweza kuondoka Muhimbili asubuhi akiwa na wanafunzi ndani ya basi la chuo, na kurejea kabla ya magharibi. Kijiji kilicho karibu na chuo hutembelewa mara nyingi, kikaulizwa maswali yale yale na makundi yasiyojuana. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba sababu ya kuteuliwa kwa maeneo ya mafunzo, ambayo mara nyingi ni bei ya mafuta ya gari, hufichwa katika ripoti nyuma ya maneno mazito kama "uwakilishi" na "ufaafu".

3.0 Urithi wa kikoloni

Mafunzo kwa vitendo hayakuanza na uhuru. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Uingereza nchini Tanganyika ilianzisha zahanati ndogo chini ya tawala za wenyeji, na kuzipatia wasaidizi waliofundishwa kwa miezi michache katika hospitali za wilaya. Walijifunza kuosha na kufunga vidonda, kugawa dawa chache na kuandika daftari, kisha wakarudishwa kwao. Shabaha ya mpango huo ilikuwa kubana matumizi, wala hakuna haja ya kuupamba. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja ambayo mipango mingi iliyofuata iliikosa: aliyefundishwa alirudi kuishi miongoni mwa wale aliowatibu. Akikosea, walijua nyumba yake.

Urithi wa pili haukuwa mwema kiasi hicho. Ni ule wa bwana afya, ofisa aliyekuja na daftari kukagua vyoo, kuangalia maji yaliyotuama na, ilipobidi, kumpeleka mtu mbele ya sheria. Kwa vizazi kadhaa, mgeni mwenye kalamu anayeuliza habari za choo alikuwa sehemu ya dola. Mwanafunzi wa leo anayepiga hodi akiwa na dodoso anasimama, bila kujua, katika kivuli cha mtu huyo. Majibu anayopewa sharti yasomwe kwa kuzingatia historia hiyo.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo wachache mno. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha miaka mingi baadaye kwamba nchi ilianza na wahandisi 2 na madaktari 12. Mwaka 1963 kilifunguliwa chuo cha uganga mjini Dar es Salaam chini ya Wizara ya Afya, ambacho mwaka 1968 kiligeuzwa kuwa kitivo cha chuo kikuu. Mwaka 1964 jopo la Richard Titmuss lilitoa ripoti yake juu ya huduma za afya za Tanganyika, likisisitiza kinga na huduma za vijijini. Fikra hiyo haikuwa ngeni katika eneo hili. Makerere walikuwa na kituo cha afya cha mafunzo huko Kasangati, nje ya Kampala, tangu mwaka 1959, na nyuma yake kulikuwa na mfano wa Pholela, Afrika Kusini, ambako Sidney Kark na mkewe Emily walianza kazi mwaka 1940. Mahali pote pawili msingi ulikuwa mmoja: kituo hakingoji mgonjwa aje, bali kinazijua kaya zilizokizunguka kwa majina.

4.0 Kibaha: taasisi inayobaki

Mwaka huo huo wa 1963 ulianza mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, katika eneo la Kibaha. Mradi ulijengwa juu ya kauli ya wakati huo kuhusu maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Kila adui alipangiwa silaha yake. Kulikuwa na shule ya sekondari, kulikuwa na kituo cha mafunzo ya wakulima, na kulikuwa na kituo cha afya. Tarehe 10 Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha.

Ukosoaji uliozoeleka dhidi ya Kibaha ni kwamba ilikuwa kisiwa cha neema: majengo mazuri na wataalamu wengi mahali pamoja, huku vijiji vya jirani vikibaki vilivyo. Ukosoaji huo una ukweli wake, lakini unasahau jambo ambalo kwa mada hii ni la msingi. Kuziweka shule, shamba na zahanati katika eneo moja kulimaanisha kwamba ugonjwa haukuweza kutazamwa peke yake. Mkulima aliyekuja kujifunza ufugaji wa kuku alikuwa baba wa mtoto aliyepimwa uzito kwenye kituo cha afya. Mtumishi aliyemshauri mama juu ya lishe aliweza kuona, mita chache kutoka pale, kama chakula alichokitaja kinastawi katika udongo ule. Leo wataalamu wanaliita jambo hili "ushirikiano wa sekta" na kuliandikia miongozo. Kibaha ya miaka ya 1960 haikuwa na mwongozo wa aina hiyo. Ilikuwa na uzio mmoja.

Kilichotokea baadaye hakikupangwa na mtu. Kituo cha afya kilikua kikawa Hospitali ya Tumbi, na Tumbi iko kwenye Barabara ya Morogoro, njia kuu ya mabasi na malori yaendayo bara na nchi jirani. Ajali za barabarani ziliifanya kuwa hospitali ya majeruhi. Kwa wasomaji wa magazeti ya Tanzania, jina la Tumbi hufuatana na habari za basi lililopinduka. Taasisi iliyozaliwa kwa ajili ya kinga ikavutwa na damu ya barabarani kuelekea tiba, nayo ikawa hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwanafunzi aliyepelekwa hapo alijifunza kushona jeraha na kufunga mfupa, kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa kikiletwa mlangoni usiku.

Hapa hoja ya insha hii inahitaji kuwekewa mpaka. Si kweli kwamba taasisi inayobaki, kwa kubaki kwake tu, hufundisha afya ya jamii. Taasisi inayobaki huwa na mlango, na mlango huleta foleni, na foleni humeza muda wa kwenda kwenye kaya. Hata hivyo Kibaha ilihifadhi kitu. Ndani ya Shirika la Elimu kulikuja kuwapo chuo cha maafisa tabibu, na kituo cha wakulima kikawa chuo cha maendeleo ya wananchi. Mtu aliyesomea hapo aliishi Kibaha kwa miaka, si kwa siku. Alinunua mboga sokoni Maili Moja, akapanga chumba kwa mwenyeji, akaugua malaria ile ile. Kipimo cha mafunzo kwa vitendo, anavyoona mwandishi, kipo hapo: je, mwanafunzi alikaa muda wa kutosha ili watu waweze kumuuliza matokeo ya ushauri wake?

5.0 Mwaka 1973: darasa bila chuo

Tukio kubwa kuliko yote katika historia hii halikuendeshwa na chuo cha afya. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyofuata kampeni za awali za vikundi vya redio kama "Kupanga ni Kuchagua" ya mwaka 1969 na "Wakati wa Furaha" ya mwaka 1971. Kwa muda wa wiki 12, watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, wakasomewa kijitabu na kiongozi wa kikundi, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa takriban 75,000, na walioshiriki wanakadiriwa kufikia milioni 2. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu nchini kote.

Umuhimu wa kampeni hiyo kwa mada yetu uko katika mpangilio wake. Kiongozi wa kikundi hakuwa mtaalamu. Mara nyingi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, katibu wa tawi la TANU au mkulima aliyejua kusoma. Alifundishwa kwa siku chache, akarudi kwa jirani zake, na mwisho wa kila kipindi alitakiwa kushika jembe pamoja nao. Bwana afya aligeuka: badala ya kukagua choo, sasa aliitwa kueleza kwa nini choo kichimbwe mbali na kisima. Ni kweli kwamba msukumo wa chama ulikuwapo, na si kila choo kilichochimbwa kilitumiwa. Lakini kwa wilaya za Pwani, ambako redio ya Dar es Salaam ilisikika vizuri, huo ulikuwa mwaka ambao elimu ya afya ilizungumzwa kwa Kiswahili cha kila siku na watu waliofahamiana kwa majina.

Mara baada ya hapo ikaja operesheni ya kuhamia vijijini, iliyofikia kilele mwaka 1974. Kuhamisha kaya kulileta watu karibu na zahanati, na papo hapo kulibana vyoo na visima. Mafunzo ya wahudumu wa afya wa kijiji, ambao kwa kawaida walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, yalikusudiwa kuziba pengo hilo. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliipa fikra hiyo heshima ya kimataifa, ingawa Tanzania ilikwishaianza.

6.0 Kisarawe: kijiji kinachotembelewa

Kisarawe haikujengewa taasisi ya namna ya Kibaha. Ilikuwa wilaya kubwa, iliyojumuisha hata eneo la Mkuranga kabla halijatengwa katika miaka ya 1990, na zahanati zake zilitawanyika kwenye njia ambazo wakati wa masika hazipitiki kwa urahisi. Ilichokuwa nacho ni vijiji vilivyo karibu na Muhimbili.

Utaratibu wa ziara za wanafunzi unafahamika kwa kila aliyepitia chuo cha afya nchini. Barua ya utambulisho huenda kwa mkurugenzi na mganga mkuu wa wilaya, hushuka hadi kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Wageni husaini kitabu. Mwenyekiti wa kitongoji hupewa taarifa, na mhudumu wa afya wa kijiji huteuliwa kuwaongoza nyumba kwa nyumba. Baada ya siku chache takwimu hukusanywa, shukrani hutolewa, basi huondoka.

Anachojifunza mwanafunzi katika siku hizo si kidogo, lakini hakimo katika dodoso. Hujifunza kwamba swali la choo likiulizwa mbele ya baba mwenye nyumba hujibiwa kwa njia moja, na likiulizwa jikoni hujibiwa kwa njia nyingine. Hujifunza kwamba mama anayesema mtoto amepata chanjo zote anaweza kuwa anasema kweli hata kama kadi imeliwa na mchwa. Hujifunza kutomtafuta mwali aliyefichwa ndani kwa mujibu wa mila za Kizaramo, na kwamba kumwona nyanya yake ndiyo njia ya heshima ya kuuliza afya yake. Haya hufundishwa na mhudumu anayeongoza njia, mara nyingi kwa kukohoa tu pale mgeni anapoanza swali lisilofaa. Kwa lugha ya kitaaluma, huyo ndiye mkufunzi wa uwandani. Kwa lugha ya fomu za chuo, hayupo.

Kwamba mwenyeji anaweza kuwa mtafiti pamoja na msomi lilikuwa wazo lililojaribiwa mapema katika mkoa huu huu. Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia kutoka Finland aliyechapisha utafiti wake juu ya mila za Wazaramo mwaka 1970, alishiriki katikati ya miaka ya 1970 katika mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, unaopakana na Kibaha. Humo watafiti wa Kitanzania na wa Kifini waliishi vijijini, na maswali yalitungwa pamoja na wanakijiji. Mradi huo ulihusu utamaduni na maendeleo zaidi kuliko afya. Hata hivyo unaonyesha kwamba njia nyingine ilijulikana, ilikuwa karibu, na haikuhitaji safari ya kwenda ng'ambo kuitafuta. Vyuo vya afya viliipita.

Miaka ya 1990 ilikuwa migumu. Uchangiaji wa gharama hospitalini ulianza mwaka 1993, ajira serikalini zilibanwa, na wahudumu wa vijiji, ambao posho yao ilitegemea serikali ya kijiji, waliachwa wajitolee. Wengi waliacha. Ziara za wanafunzi hazikuacha. Kwa hiyo palikuwa na kipindi ambacho kijiji kingeweza kupokea kundi la wanafunzi wa afya ya jamii huku chenyewe kikiwa hakina mhudumu anayelipwa hata senti.

7.0 Baada ya mwaka 2007

Muhimbili ilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, na mwaka huo ulianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi uliolenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Mwaka 2008 ilianzishwa programu ya mafunzo ya epidemiolojia na maabara uwandani, kwa ushirikiano wa wizara, Muhimbili na wadau wengine. Mfano wake unatokana na kikosi cha upelelezi wa magonjwa kilichoanzishwa Marekani mwaka 1951, na kanuni yake ni kwamba mwanafunzi hutumia takriban robo ya muda darasani na robo tatu kazini. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kusambaa mikoani, watu wa aina hii ndio waliohitajika: wanaojua kufuata ugonjwa kutoka kaya hadi kisima.

Kisha ikaja dhana ya Afya Moja, inayounganisha binadamu, mifugo na mazingira, ikisukumwa kuanzia mwaka 2010 hivi na mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika ambamo Muhimbili na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine ni washiriki. Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007 ilikwishaonyesha sababu. Kwa mafunzo hayo Kibaha na Kisarawe zinafaa kweli: mabanda ya kuku yamebanana na nyumba, wafugaji wamehamia na ng'ombe wao, mbwa wanazurura, msitu na shamba vimekutana. Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, muuguzi na ofisa mazingira wanaweza kusimama mbele ya boma moja na kuona vitu vitatu tofauti. Msomaji aliyefuatana nasi hadi hapa atatambua kwamba jambo hili linafanana mno na uzio wa Kibaha wa mwaka 1963, isipokuwa sasa wataalamu ndio wanaokusanywa kwa wiki mbili, na si huduma zinazokaa pamoja mwaka mzima.

Jaribio lililokwenda kinyume na mkondo wa ziara lilikuwa jirani, Rufiji. Huko, pamoja na Kilombero na Ulanga, Taasisi ya Afya Ifakara iliwafundisha kwa miezi 9 vijana waliochaguliwa na vijiji vyao, wakaitwa Wawezeshaji wa Afya ya Jamii, wakalipwa na kurudishwa kwao. Jaribio hilo lilichangia mjadala wa kitaifa wa kuwatambua wahudumu hao. Tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kuwafundisha zaidi ya 137,000 katika miaka 5, kwa mafunzo ya miezi 6 na posho.

Kwa mwanahistoria, mpango huo unafungua suala la nyaraka. Vyuo vimehifadhi orodha za wanafunzi waliokwenda uwandani, tarehe na alama zao. Kwa upande wa vijiji, kumbukumbu iliyo karibu zaidi na hiyo ni kitabu cha wageni katika ofisi ya mtendaji: jina, mahali utokako, madhumuni ya ziara, sahihi. Mtafiti atakayelinganisha vitabu hivyo na maktaba ya chuo ataweza kuhesabu ziara ngapi zilizaa ripoti, na ripoti ngapi kati ya hizo zilirudi kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Jina la mhudumu aliyewaongoza wageni hatalikuta katika kitabu, kwa kuwa mwenyeji hasaini kitabu cha wageni; na katika ripoti za wanafunzi, kwa desturi ya uandishi wetu, atamkuta ndani ya sentensi moja ya shukrani kwa "uongozi wa kijiji na wananchi wote kwa ushirikiano wao".